Milcah Nyaboke, Aliyemtoa Mchimbaji Mchangani

Baada ya miaka kumi na sita na miezi minne katika jumba letu la viumbe vya kale hapa Umm Salal, Qatar, Bi Milcah Nyaboke anastaafu Alhamisi, tarehe 27 Juni 2019. Aliajiriwa Februari 2003 kupiga deki. Anaondoka akiwa mtunzaji wa maonyesho yote, kazi aliyoianza mwenyewe bila kuulizwa, ofisi ikaitafutia jina baadaye.

Wageni wanamjua kwa brashi ya poda anayofutia mifupa vumbi, na kwa jicho analomkata mtoto anayegusa kioo kwa vidole vya chipsi. Sisi wenzake tunamjua zaidi kwa Kerubo.

Kerubo alifika mwaka 2009 ndani ya sanduku dogo: nakala za plasta za kipande cha taya na mfupa mmoja wa mkono, mfupi na mnene, usiozidi kidole gumba. Ni mnyama wa Australia aliyetoweka mamilioni ya miaka iliyopita, mchimbaji wa mashimo, jamaa wa mbali wa kangaruu, wale wanaobeba watoto mfukoni. Bi Milcah alimpa jina la shangazi yake, mwanamke ambaye, kwa maelezo yake, alilima maisha yote bila kuinua kichwa.

Mimi, Arnold wa mapokezi, na Daisy, mpambaji wa maonyesho, tulijiona tunajua la kufanya. Tulikuwa tumesikia kwamba jamaa zake walio hai, wachimbaji wasioona kabisa, wanaishi jangwani. Basi tukaenda jangwani upande wa Al Wukair, tukajaza mchanga kwenye gari, tukauchekecha, tukamlaza Kerubo juu yake. Kazi ikapendeza. Bi Milcah akachukua karatasi iliyokuja na sanduku, akaisoma siku tatu na kamusi mkononi, kisha akatuarifu, kwa ule upole wake unaouma, kwamba huyu hakuwahi kuuona mchanga. Aliishi katika msitu wa mvua, kwenye udongo laini wa majani yaliyooza. Jangwa lilikuja baadaye sana, likawakuta wajukuu.

Mudiri, mkuu wetu wa jumba, alisema mchanga ubaki, watoto wanaupenda. Jumapili iliyofuata tulikuta sanduku la kioo limejaa udongo mweusi, aliouomba kwenye shamba moja la jirani na kuuchanganya kwa mikono yake. Tangu siku hiyo aliunyunyizia maji kila asubuhi, na harufu ikaanza kutoka.

Sijui niielezeje kwa mtu ambaye hajaishi Doha. Nje ni Agosti, joto linakausha mate mdomoni, na wewe umesimama kwenye korido na mvua imenyesha kwenu. Kiprono wa ulinzi aligundua kwamba kufuli ya kioo kile inahitaji kukaguliwa mara tatu kwa siku. Mimi nilipitia hapo nikienda chooni, ingawa choo kiko upande wa pili. Tulisimama pale kama watu wanaoota macho wazi, kila mtu yuko kwao. Mudiri naye alionekana hapo, si mara moja. Habari ya mchanga hakuitaja tena.

Mwaka 2017 Bi Milcah aliandika barua ya kustaafu, kisha akarudi ofisini kuichukua. Mwaka 2018, vivyo hivyo. Tulimtania kwamba anaogopa Kerubo atatoroka. Siku moja kwenye chai ya saa nne akanieleza. Likizo ya Desemba 2016, kwao Nyamira, Kenya, aliteleza kwenye njia ya mtoni, akakaa matopeni na nguo yake nzuri mbele ya majirani. Hakuna aliyecheka. Walimkimbilia, wakampangusa, wakampa pole na kiti. Zamani ukianguka pale, watu walikucheka mpaka jioni. Akasema wajukuu wa Kerubo walipouzoea mchanga, macho yao yalikufa, na yeye hajui kama ameshachelewa kurudi. Niliingiwa na hofu, na si kwa ajili yake tu.

Aprili mwaka huu dada yake, Peninah, alimpigia simu. Mvua ilikuwa kubwa. Alimwonya kwamba njia imekuwa sabuni, na kwa ule unene aliokwenda nao likizo, safari hii atafika mtoni kabla ya masanduku yake. Kisha Peninah akacheka mpaka simu ikamwanguka. Bi Milcah alibaki akikisikiliza kicheko hicho, simu ya dada yake ikiwa sakafuni, dakika nzima. Asubuhi hiyo hiyo alitia sahihi fomu za kustaafu, na hakurudi kuziomba.

Bi Milcah, asante kwa miaka yote uliyotuambia ukweli hata tulipokuwa hatuutaki. Tutakukosa sana, na tunakuombea siku nyingi, afya, na shamba linaloitika. Mgeni hachekwi, anayechekwa ni mtu wa nyumbani. Ukianguka, tutumie habari, nasi tucheke.