Ngazi Yenye Kitambaa Chekundu

Wazee wetu, ndugu, majirani na mafundi wenzangu, mimi ni mdogo wa mume wa marehemu, mwashi kwa kazi, na nimeomba kuisoma historia hii mwenyewe kwa sababu jina la shemeji yangu lina doa lisilo lake, nami sikubali azikwe nalo.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1961, mtoto wa pili wa fundi seremala, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, kisha akajifunza useremala kwa baba yake, ambako nyundo ilichomoka mpinini ikampiga mguuni, na tangu siku hiyo hakushika kifaa bila kukigeuzageuza kwanza.

Februari 1984 aliajiriwa kutunza stoo ya vifaa katika kampuni ya ujenzi, na hapo ndipo tulipompa jina la Kagua Kwanza, kwa kuwa hukupewa nyundo mpaka uutikise mpini mbele yake, hukupewa mashine ya kukatia chuma isiyo na kinga, na simu zilipoingia, yako ilibaki kwenye droo yake mpaka urudishe mashine, hata ungekuwa nani. Lo, tulimnung'unikia mama wa watu! Tulisema huyu atakagua hata kijiko kabla ya kula, naye alicheka pamoja nasi, halafu akakurudisha ukavae viatu vya kazi. Siku zile zilikuwa tamu, na wengi wenu hapa mna vidole kumi kwa sababu yake.

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na kaka yangu, wakajaliwa watoto watatu, na mwaka 2006 nikahamia kwao, nikala na kuvaa kwa mkono wake kama mtoto wa nne.

Sasa nafika pagumu. Ijumaa tarehe 14 Agosti 2009 ngazi ilivunjika, fundi rangi mwenzetu akaanguka, akavunjika nyonga, na shemeji akafukuzwa kwa kosa la kutoa ngazi mbovu. Ndugu zangu, hakuitoa. Alikuwa ameifunga kitambaa chekundu, alama yake ya kifaa kisichotumika, akaiweka nyuma ya stoo ikatwe kuni, nami kwa haraka zangu za kumaliza plasta nikakifungua, nikakitia mfukoni, nikaiingiza ngazi ndani ya jengo, fundi rangi akaipanda bila kujua. Shemeji alipohojiwa mbele ya wakubwa nilikuwapo, nikaufyata. Jumapili yake alifua suruali yangu, akakikuta kitambaa, akakifua nacho, akakikunja juu ya nguo zangu safi, akanipakulia chakula kama kawaida, asimwambie hata kaka. Aibu ile inanila mpaka leo.

Baada ya hapo alitia mipini nyundo na majembe uani kwake, na kila Jumamosi ua ule ulijaa mafundi na vicheko, mpaka Juni 2021 alipoanza kuugua figo, akafariki Jumanne tarehe 7 Mei 2024, saa nne asubuhi, watoto wake wote wakiwa naye.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopokezana kumpeleka hospitali, wafanyakazi wenzake wa zamani, na zaidi wewe fundi rangi, uliyekuja na mkongojo wako kumzika mtu uliyeambiwa ndiye aliyekuvunja. Aliyekuvunja ni mimi, na tukitoka makaburini nitakuja kusimama mbele yako, useme utakalo.

Shemeji, nimelirudisha jina lako likiwa safi, nimechelewa karibu miaka kumi na mitano. Pumzika kwa amani.