Usigonge, Zungusha: Maisha ya Joakim Luhende Mayige wa Sapiwi (1946–1998)

Wasifu huu unasomwa na mdogo wa marehemu, Athanasi Mayige.

Marehemu Joakim Luhende alizaliwa Jumatatu, tarehe 12 Agosti 1946, hapa hapa Sapiwi, mtoto wa tatu wa mzee Mayige na mama Milembe. Mama alisimulia kwamba nyumba ilikuwa imejaa pamba hata pa kumlaza hapakuwepo, akalazwa juu ya gunia. Pamba ikamng'ang'ania karibu miaka hamsini.

Alisoma mpaka darasa la nne, mwaka 1955 hadi 1958, kisha baba akamwita achunge ng'ombe. Mwaka 1968 alianza kazi ya kupima pamba kwenye ghala la kijiji. Wengi mlio hapa mnakumbuka alivyotukera: hasomi mizani mpaka gunia litulie kabisa, foleni imenuna nyuma yake hadi kwenye ua wa mkonge. "Kinachocheza hakina uzito," alikuwa akisema, na mkono wake hausogei.

Jumamosi ya tarehe 5 Septemba 1970 alifunga ndoa na Klementina Kabula katika kigango chetu. Kwa miaka ishirini na minne hawakuwahi kutengana, ila Kabula alipokwenda kwao kujifungua.

Mwaka 1994 wanunuzi binafsi waliingia na malori yao na mizani yao. Ghala likafungwa. Luhende alikaa miezi kadhaa akitazama njia, na Januari 1995 akaenda ziwani Lamadi, kwa mjomba wetu Mihayo ambaye ni mvuvi. "Nikipata cha kushika, nitarudi," alimwambia mkewe.

Mitumbwi midogo ya ndoano huvua karibu na mafunjo, penye maji ya kifuani. Jiwe la nanga huko huuacha mtumbwi ukizunguka na upepo, kwa hiyo wavuvi huchomeka mti mrefu topeni na kuufunga mtumbwi hapo. Siku ya kwanza Mihayo alimpa Luhende mti huo auchomeke. Mfugaji ni mfugaji: alisimama mtumbwini akaugonga kwa jiwe kama anayesimika nguzo ya zizi. Samaki wakatawanyika, mtumbwi ukamponyoka miguuni, naye akabaki amekumbatia mti katikati ya maji.

"Mpwa wangu," Mihayo alimwambia alipomaliza kucheka, "hapa hatujengi zizi. Usigonge. Zungusha, tope litauvuta lenyewe."

Aliyeaibika akawa fundi. Miti yake aliichonga ncha, akaikausha motoni, akaipigilia kipande cha kukingama karibu na juu ili mtu azungushe kwa mikono miwili. Mvuvi hakuulizwa anataka mti mrefu kiasi gani. Aliulizwa maji yanamfika wapi mwilini na tope lake likoje. Injini zilikuwa zimeingia na wavuvi wakubwa wakifuata sangara kilindini, lakini wenye mitumbwi midogo walimtafuta kutoka Nyashimo mpaka Lamadi.

Hapa Sapiwi, Kabula alilima pamba na majaruba ya mpunga peke yake. Alimtamani mumewe, wala hakuona haya kusema. Kila lori lililotokea upande wa Lamadi alilisikiliza kama litapunguza mwendo. Luhende alikuja kila Novemba kulima, akakaa wiki mbili, akasema kuna miti ya watu hajaimaliza. Novemba ya 1996 Kabula alimsindikiza barabarani akiwa na kuku wa kumpelekea mjomba mkononi.

"Baba Philomena," alimwambia, "mitumbwi ya watu unajua kuituliza. Wako hapa nyumbani unazunguka na upepo."

Luhende alipokea kuku, akapanda lori. Mihayo anasema alifika Lamadi na maneno hayo, akakaa nayo.

Mwishoni mwa 1997 mvua kubwa zilijaza ziwa, na miti yote aliyokuwa amechonga ikawa mifupi. Wakati huo huo tumbo lilianza kumvimba. Hospitalini aliambiwa ini limeharibika. Tarehe 5 Machi 1998 alishuka kwenye lori hapa, amekonda, ameshika mti mmoja. Aliomba uchomekwe mbele ya nyumba. Mvua ilikuwa imelainisha ardhi, lakini yeye hakuwa na nguvu, na Kabula akaokota jiwe.

"Usigonge, Mama Philomena," alisema. "Zungusha."

Wakauzungusha pamoja, mikono minne. Baada ya hapo hakuondoka tena. Alikaa siku arobaini na moja, nyingi kuliko alizowahi kukaa nyumbani kwa mara moja tangu alipokwenda ziwani, na Kabula anasema hazikumtosha. Alifariki Jumatano, tarehe 15 Aprili 1998, siku tatu baada ya Pasaka, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Klementina Kabula, watoto watatu, Philomena, Ndaki na Kasmiri, wajukuu watano, mjomba Mihayo, na mimi mdogo wake.

Msalaba mtakaouona leo ni mti ule ule, na kipande chake cha kukingama. Asubuhi hii Kabula ameung'oa mwenyewe. Vijana mtakaousimamisha, shemeji yangu ana ombi moja: mawe mliyoshika yawekeni chini. Udongo bado umelowa. Zungusheni.

Bwana ampokee Luhende, na apumzike kwa amani hapa kwao.