Mzee Shashikant na Asubuhi Isiyo na Spika

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bwana Shashikant Vaghela anaweka mkasi chini baada ya miaka thelathini na nne katika duka letu la vitambaa, Azzan na Wanawe, Kariakoo.

Alianza kwa kupanga majora katika stoo ya Gerezani, akahamia kaunta, kisha akawa meneja mauzo. Mteja akipapasa kitambaa mara moja tu, yeye keshajua kama ananunua au anasubiri mvua ikatike. Mambo mawili yalimpandisha hasira: kitambaa kilichokatwa kombo na chai iliyopoa. Hilo la kwanza wengi wetu tumelionja.

Nje ya duka anafahamika kwa jambo jingine. Yeye na mkewe, Mama Jasvanti, wana binti mwenye usonji, Bhoomi. Kila Aprili familia hiyo huuza chai na kachori mbele ya duka kuchangia utafiti wa usonji, na kuwaelewesha watu wasiwanyanyapae wenye hali hiyo.

Mwaka wa kwanza tuliandaa shughuli Kikariakoo hasa: spika kubwa, mshereheshaji, na mawinga wakiita wapita njia mpaka koo zinakauka. Watu walijaa. Bhoomi, ambaye kelele humuumiza, alijifungia stoo, akaziba masikio na kulia mpaka shughuli ikaisha. Jamani! Tulikuwa tunamchangia binti huku tunamfukuza. Mzee alitutamkia wazi kwamba shughuli ambayo mwanawe hawezi kuhudhuria, kwake haina maana, hata ikijaza watu vipi.

Mwaka uliofuata alipita duka kwa duka akiomba spika zizimwe asubuhi moja tu. Wapo waliomcheka. Winga mmoja, Talha, alimwamkia kwa heshima zote, kisha akauliza kama sasa wateja watavutwa kwa kukonyezwa. Mzee akamwambia ajaribu. Talha alizima yake, na wengine, shingo upande, wakafuata. Bhoomi akatoka, akakaa na mama yake, akapanga kachori kwa mistari iliyonyooka. Aliyechukua ya katikati alitakiwa airudishe aanzie pembeni, na wateja walitii! Mama Jasvanti alikwenda kulia nyuma ya majora ya vitenge, kwa furaha.

Tangu hapo Mzee alipita kila mwaka. Kilichomtia hofu katika kustaafu hakikuwa pensheni: aliogopa kwamba asipokuwepo wa kuomba, mtaa utamsahau binti yake.

Aprili hii goti lilimzuia kupita. Alikuja na Bhoomi asubuhi ya shughuli, akiwa amejiandaa kumrudisha nyumbani kelele zikianza. Spika zote zilikuwa zimezimwa, na hakuna aliyekuwa ameombwa.

Mzee wetu, asante kwa kutufundisha kazi na utu. Wewe na Mama Jasvanti, pumzikeni mkiwa na afya njema. Goti likiuma, kaeni nyumbani bila wasiwasi. Bhoomi ana watu hapa.

Waridi, kwa niaba ya wafanyakazi