Penseli, Aliyeuliza Ufa Umetoka Wapi

Shemeji yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Penseli kwa ile iliyoshinda sikioni mwake mchana kutwa, alizaliwa tarehe 9 Machi 1956, kitinda mimba wa mwashi. Alisoma hadi darasa la saba, sawasawa na shemeji yake anayewasomea haya, ila msomaji alimpita kwa sura.

Mwaka 1974 alianza uashi kwa baba yake, baadaye akawa mkaguzi wa nyumba. Wengine huziba ufa wakaenda kulala. Yeye alichora alama kwenye ncha zake mbili, akangoja aone kama unakua. "Usiuzibe kabla hujauuliza umetoka wapi," aliwaambia wenye nyumba, na waliomsikia kuta zao zimesimama mpaka leo.

Dada yetu alimpata hivyohivyo. Penseli aliitwa kukagua ukuta wa jikoni kwetu, akachora, akasema atarudi baada ya mwezi. Akarudi. Mwezi uliofuata, yuleyule tena. Ufa haukusogea hata unywele. Kilichosogea ni kiti chake, kuelekea cha dada. Wakafunga ndoa tarehe 12 Agosti 1983.

Mwaka jana ugonjwa wa mapafu ulipomlemea, alitaka mkewe ajue kuitunza nyumba: koki kuu ya maji iko wapi, mifereji ya paa isafishwe lini. Jambo hilo lilimkosesha usingizi kuliko kikohozi. Dada akagoma.

"Ukishanifundisha, utaondoka," alimwambia.

"Mke wangu, nitaondoka tu. Sitaki nikuache na paa linalovuja, na kaka yako."

Kejeli hiyo tumeisamehe. Dada akajifunza koki, amenuna, lakini kupanda ngazi alikataa katakata.

Penseli alituaga tarehe 3 mwezi huu, asubuhi, ameshika mkono wa mkewe. Jana mvua ikapiga, majani yakaziba mfereji, maji yakaanza kumwagika barazani walipoketi waombolezaji. Wanaume tukatazamana, shujaa anayewasomea haya akakumbuka goti lake bovu. Dada akainuka, akaegemeza ngazi, akapanda na gauni lake la msiba, akayatoa majani kwa mikono mpaka maji yakapata njia. Kisha akashuka, akanawa, akarudi kukaa na wenzake. Hapo ndipo alipolia.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watano, na shemeji mmoja hodari wa maneno. Pumzika kwa amani, Penseli. Nyumba ina mwenyewe.