Siku Niliposimamisha Gari Kabla ya Kufika Makka

Bwana asifiwe, kanisa! Asifiwe na waliokaa nyuma pia! Mimi ni Ibrahim Wafula, mume wa Rispa, yule pale safu ya pili ambaye tayari ameshika leso kwa sababu anajua nitakayosema. Mchungaji amenipa dakika kumi. Nitajitahidi, lakini ndugu zangu, leo nimekuja kujivuna. Mtanisamehe. Nimeona aibu miaka ya kutosha.

Mnakumbuka ule wakati vijana wa hapa Kitale walikuwa wakiondoka makundi kwa makundi kwenda Saudia. Nami nilikwenda. Nilikuwa shemasi wa kanisa hili, na mlinifanyia maombi hapa hapa mbele, mkaniwekea mikono kichwani. Kitu ambacho hamkujua ni kwamba siku hiyo makaratasi yangu yalikuwa yameshaandikwa kwamba mimi ni Mwislamu.

Ajenti alikuwa amenieleza vizuri. Alisema familia nzuri zinataka dereva Mwislamu ili aweze kuwapeleka hadi Makka, maana asiye Mwislamu haruhusiwi kuingia mji ule. "Na wewe jina lako ni Ibrahim," akasema, "nani atauliza?" Jina hilo nilirithi kwa babu, mzee wa kanisa. Sikulazimishwa, ndugu zangu! Nilichukua kalamu mwenyewe nikajaza. Nilijiambia kwamba ni karatasi tu, na kwamba Mungu haangalii karatasi.

Nikafika Riyadh. Ikama yangu ikatoka, kile kitambulisho cha mgeni ambacho bila hicho huwezi kusogea, na imeandikwa dini yako. Kafili wangu, yule mwajiri aliyenidhamini, alikuwa mfanyabiashara mwenye ofisi mtaa wa Olaya. Alikuwa mkali lakini wa haki. Mama yake mzazi ndiye niliyekuwa nikimwendesha siku nyingi. Mimi nilimwita mama, naye akaniita mwanangu. Nisikilizeni vizuri, sikuja hapa kusema vibaya dini ya mtu. Watu wale walinilisha chakula walichokula wao.

Tatizo lilikuwa mimi. Bosi akienda kuswali, nami nafuata, naiga aliye mbele yangu. Ramadhani ikija, nafunga. Wakenya wenzangu pale Olaya, walinzi na wafagiaji, walikuwa wakikutana kimyakimya kuomba, maana ibada yetu kule hairuhusiwi hadharani, na walikutana Ijumaa kwa sababu Jumapili ni siku ya kazi. Mmoja alinialika. Nikamwambia mimi siko upande huo. Shemasi wenu! Nilimtazama mtu machoni nikamwambia siko upande huo.

Na nilikuwa na jibu kwa kila kitu. Nilisema nateseka kwa ajili ya watoto, niko mbali na mke, nalala chumba kidogo kando ya gereji, huku si ndiko kujikana? Ndugu zangu, nilikuwa nimekana kila kitu isipokuwa nafsi yangu. Niliyemkana ni Yeye.

Mwaka wa tatu bosi alihamishia familia Jeddah, mtaa wa Al-Baghdadiyah. Hapo ndipo mambo yaliponikaba. Tulipokuwa Riyadh, Makka ilikuwa safari ya ndege, nami nabaki. Kutoka Jeddah ni mwendo wa saa moja na kitu kwa gari, na mama alitaka kwenda kufanya umra, ile hija ndogo. Alhamisi ya kwanza nikasema tumbo linaniuma. Alhamisi ya pili nilitoa upepo kwenye gurudumu kwa mkono wangu mwenyewe. Mwanamume mzima, nimechuchumaa kando ya gari natoa upepo kama mwizi!

Jumatano ya wiki ya tatu mama aliniita mlangoni pa jikoni. Alikuwa ameshika mfuko. Ndani mlikuwa na zile shuka mbili nyeupe ambazo wanaume huvaa wakienda umra, mpya kabisa. Akasema amezinunua kwa ajili yangu. "Kesho hutatungoja ndani ya gari, Ibrahim. Utaingia nasi, ukawaombee watoto wako."

Ndugu zangu, kama angenitukana ningevumilia. Yule mama alinipa alichokithamini kuliko vyote, akampa Mwislamu ambaye hakuwepo. Nilichukua mfuko, nikasema shukran, nikaenda kuuficha chini ya kiti cha gari.

Jirani yetu alikuwa na dereva anaitwa Mutua, mtu wa Machakos, naye makaratasi yake yalikuwa kama yangu. Nikamweleza. Mutua akacheka. "Wafula, kwani uko na shida gani? Vaa, ingia, zunguka na wao, toka. Mungu anajua roho yako." Nikamwambia hiyo ndiyo inayoniogopesha, kwamba anaijua.

Asubuhi nilitoka nikiwa na suruali na shati langu la kazi. Bosi alikuwa ameshavaa nyeupe. Akaniuliza mbona sijavaa. Nikasema nitavaa huko mbele. Akanitazama kwa mshangao, kwa sababu kumbe mtu wa Jeddah anavaa akiwa nyumbani, na kila Mwislamu anajua hivyo. Miaka mitatu ya kuiga, na hilo sikuwa nimeliona!  Akakaa kiti cha mbele, mama akakaa nyuma akisoma dua zake taratibu.

Tulienda. Mbele ya kizuizi cha polisi kuna vibao vikubwa juu ya barabara: Waislamu waende huku, wengine wote watoke kule. Nilipoviona nilipunguza mwendo. Nilijua nikisema, naweza kufungwa kwa kudanganya serikali yao. Kazi itaisha. Nilijua pia kwamba nikipita pale, sitarudi tena kwa Yesu, kwa sababu nitakuwa nimezoea. Nikaweka gari kando, nikazima injini.

"Nini?" bosi akauliza. "Yalla, twende!"

Nikamwambia kwa kile Kiarabu chetu cha kazini: "Baba, ana mafi Muslim. Ana Masihi." Mimi si Mwislamu, mimi ni Mkristo. Nikarudia. Mara ya pili sauti ilitoka vizuri, na kanisa, mniruhusu niseme, ilitoka kwa fahari! Nilikuwa nalia, lakini kifua kilikuwa kimesimama.

 Mama ndiye aliyesema. Aliniuliza pole pole, "Ramadhani tatu umefunga nasi. Ulikuwa ukimfungia nani?"

Nikamjibu, "Kazi, mama." Nikatoa ule mfuko chini ya kiti nikamrudishia kwa mikono miwili. "Siwezi kuingia mji wenu mtakatifu kwa uongo. Na siwezi tena kumkana Bwana wangu."

"Halas, imekwisha," bosi akasema. "Shuka." Akahamia kwenye usukani, akaniacha pale kando ya barabara na jua lote la Hijazi. Nilitembea mpaka nikapata lori la kunirudisha mjini. Sijawahi kutembea vizuri hivyo maishani mwangu.

Hakuniitia polisi. Lakini alinipeleka kwenye ghala lake mtaa wa Ghulail, hapo hapo Jeddah, nikabebe vigae vya sakafu. Miezi kumi na moja! Bega hili la kushoto, mkiniona siliinui tukiimba, sababu ni hiyo. Nilikuwa nalala kwenye maboksi, ruhusa ya kutoka nchini sina, simu naazima. Mutua alipita siku moja akaniambia Yesu wangu amenilipa vizuri sana. Nilipompigia Rispa kumweleza, nilidhani atalia kwa ajili ya kazi. Yeye akasema, "Wafula, sasa ndio nimejua niliolewa na nani." Nilirudi kwenye vigae nikibeba viwili viwili.

Na Ijumaa nilipata kanisa. Wanaume saba, chumba cha mlinzi mmoja Mkenya, viatu tumeviingiza ndani visihesabiwe mlangoni, tunaimba kwa kunong'ona. Siku ya kwanza nilikiri mbele yao yote niliyoyafanya Riyadh. Mzee mmoja wa Kisii akasimama akanikumbatia, jasho kwa jasho. Hapo ndipo nilipofunguliwa, ndugu zangu. Bado nilikuwa mfungwa wa ghala, lakini nilikuwa mtu huru!

Nilipoingia mwezi wa kumi na mbili wa kubeba vigae, Jumatano moja saa sita, bosi aliingia ghalani. Alisema mama amekataa madereva watatu. Anasema amtakaye ni yule aliyeogopa kumdanganya Mungu zaidi ya alivyoogopa kufukuzwa. Bosi hakufurahi kusema maneno hayo, nilimwona. Akaniambia nipande gari.

Tulikwenda moja kwa moja ofisi ya vibali. Karani akafungua makaratasi yangu, na bosi akamwambia kuna kosa, lirekebishwe. Karani akauliza dini. Nikafungua mdomo, lakini bosi akanitangulia. "Masihi," akasema. Karani akainua kichwa, kama hakuamini. Bosi akarudia kwa sauti, watu wote kwenye foleni wakageuka: "Masihi! Huyu ni dereva wangu." Kanisa, nililia pale kama mtoto, na sikujifuta.

Nilimwendesha mama miaka miwili zaidi. Kila Alhamisi nilimfikisha pale karibu na vibao, mpwa wake aliyekuwa akija nasi akachukua usukani, mimi nikakaa kivulini nikingoja warudi. Madereva waliopita walikuwa wakinionea huruma. Huruma ya nini? Kila mtu pale alijua mimi ni nani.

Mutua hajanipigia tangu wakati huo. Mniombee niwe na upole nikimtaja, maana bado nina hasira naye kidogo.

Basi namshukuru Mungu kwa bega hili. Namshukuru kwa mama yule, ambaye namwombea hadi leo. Sasa nakuja kwako wewe. Kuna mtu ndani ya nyumba hii anaficha. Labda ni kazini, labda ni kwa wakwe, labda ni miongoni mwa marafiki zako, na umejiambia kwamba Mungu anaijua roho yako. Njoo hapa mbele. Yesu anastahili kuaminiwa hata pale ambapo huoni mlango, nimemjaribu, sikudanganyi. Mimi sitakutaja, na mchungaji hatakutaja. Utasema mwenyewe, kwa mdomo wako.