Daktari Neziha na Chembe Ambazo Mashine Haikuziona

Tarehe thelathini Juni mwaka huu, Daktari Neziha Kammoun anavua koti lake jeupe kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na sita katika maabara yetu ya damu hapa Sfax. Alipoingia alikuwa mwajiriwa mdogo wa kupima makundi ya damu. Anatoka akiwa mkuu wa utafiti, na wanafunzi aliowafundisha wametapakaa kutoka Tunis hadi Gabès.

Wiki yake ya kwanza tu alianza kusumbua watu. Alitaka kujua kuhusu chembe sahani, vile vipande vidogo vya damu vinavyokimbilia kwenye jeraha na kuliziba. Zinatengenezwaje? Mwili unajuaje kwamba zimepungua na zinahitajika nyingine? Mkuu wa wakati huo, Profesa Chedly, alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni.

“Binti yangu, wewe pima. Maswali waachie wenye nafasi.”

“Basi nipe nafasi, Profesa. Hata stoo ya mafagio itanitosha.”

Alipewa stoo ya mafagio kweli. Ndiyo iliyokuwa maabara yake ya kwanza ya utafiti.

Hakuwa na fedha za kuagiza sampuli, lakini Sikukuu ya Kuchinja haikuwahi kumkuta mikono mitupu. Asubuhi hiyo, watu wakiwa bado wanachuna kondoo, Neziha alipita kwa majirani na ndoo ya barafu akiomba mifupa ya paja. Ndani ya uboho wa mifupa ndimo zinamokaa seli mama, seli kubwa ajabu ambazo chembe sahani humeguka kutoka kwazo. Mama yake aliona aibu isiyo kifani.

“Wenzio wanapelekewa nyama, wewe unazunguka na ndoo kuomba mifupa! Watasema sina cha kukulisha!”

“Waambie ni ya mbwa wangu, mama.”

“Mbwa gani? Hatuna mbwa!”

Majirani walizoea. Wengine walianza kumwekea mfupa mzuri kabla hajabisha hodi.

Lakini kisa kilichombadilisha, na kutubadilisha sisi pia, kilianza na msichana aitwaye Yosra. Alikuwa na miaka minane, kutoka familia ya wakulima wa mizeituni upande wa El Hencha. Alikuwa akiota madoa ya bluu miguuni bila kuanguka, na akitokwa damu puani hadi mto unalowa. Mashine ya hospitali ilisema chembe sahani zake ni chache mno. Madaktari waliamini kwamba mwili wake unaziharibu wenyewe. Wakampa dawa kali zilizomvimbisha uso kama mkate ulioumuka, wala hesabu haikupanda. Ndipo daktari bingwa wa upasuaji, Mondher, akapanga kumtoa bandama, kiungo ambamo chembe hizo huharibiwa.

Damu ya Yosra ililetwa kwetu kwa kipimo cha mwisho kabla ya upasuaji. Neziha angeweza kuipitisha kwenye mashine, akaandika namba, akaenda kula. Badala yake alipaka tone kwenye kioo na kuliweka chini ya hadubini. Alikisogeza kioo huku na huku. Kisha akatuita.

“Njooni mtazame. Hizi ni nini?”

Chembe sahani za mtu wa kawaida ni ndogo sana, kama makombo kando ya chembe nyekundu. Za Yosra zilikuwa mapande. Nyingine zilikuwa kubwa kama chembe nyekundu zenyewe. Mashine inahesabu kwa kupima ukubwa, kwa hiyo kila kubwa ilihesabiwa kuwa chembe nyekundu. Msichana alikuwa na chembe sahani nyingi kuliko ilivyosemwa. Mwili wake haukuwa ukiziharibu. Ulizitengeneza hivyo tangu mwanzo, na kumtoa bandama kusingemsaidia kitu.

Neziha alipanda ngazi hadi ofisi ya Daktari Mondher, na sisi wenzake wawili nyuma yake tukiwa na hamu ya kuona vita.

“Daktari, mashine hii ni mpya,” alisema Mondher. “Haidanganyi.”

“Haidanganyi. Imeulizwa swali baya tu.”

“Na kama wewe ndiye umekosea? Mtoto akivuja damu kichwani wakati nasubiri udadisi wako, nani atakwenda kumwambia mama yake?”

Swali lilikuwa la haki, na Neziha hakulikwepa. Akasema, “Nitakwenda mimi. Lakini nipe muda niione familia kwanza.”

Mondher alikubali shingo upande. Kesho yake Neziha alikuwa El Hencha, ameketi mbele ya bakuli la mafuta ya zeituni na mkate wa moto, akimweleza bibi wa Yosra, Lalla Mbarka (hivyo ndivyo huku kwetu tunavyomwita mwanamke kwa heshima), kwamba anatafuta mtu mwingine katika ukoo anayeota madoa. Bibi alicheka hadi kilemba kikamlegea.

“Madoa? Mwanangu Mokhtar ana madoa tangu anatambaa! Shangazi yake Yosra naye hivyo hivyo. Sisi tulidhani ni kugongwa na ngazi za kuchumia zeituni!”

“Na hamkuwahi kumwambia daktari?”

“Binti yangu, nani anamwambia daktari jambo ambalo nyumba nzima inalo?”

Mokhtar, baba wa mtoto, na dada yake walitolewa damu palepale, chupa za zeituni zikisogezwa pembeni. Chembe zao zilikuwa mapande yaleyale. Safari hii Daktari Mondher alishuka mwenyewe kuja kwenye hadubini. Alitazama, akasugua macho, akatazama tena.

“Neziha,” alisema taratibu, “wangapi niliowapasua walikuwa hivi?”

Neziha alifungua kabati la vioo vya zamani. Akamvutia kiti cha pili. Tangu siku hiyo wawili hao walipitia pamoja vioo vya wagonjwa wa zamani, wakapata familia nyingine zenye hali hiyo, na hakuna aliyewahi kumsikia Neziha akijitapa kwamba alishinda. Yosra hakupasuliwa; aliachishwa dawa, uso wake ukarudi ulivyokuwa. Hakupona, kwa sababu huo si ugonjwa wa kupona. Alifundishwa kujilinda, na daktari wa meno alionywa mapema kwamba damu yake haikomi haraka.

Swali lililobaki ndilo lililomlisha Neziha maisha yake yote ya kazi: kwa nini zilikuwa kubwa? Yeye na wenzake wa Tunis waligundua kwamba seli mama hunyoosha mikono mirefu hadi ndani ya mishipa ya damu, na mikono hiyo hukatika vipande vipande. Katika familia ile, kamba ndogo zinazoivuta seli kutoka ndani zilikuwa na kasoro ya kurithi, hivyo vipande vilikatika vibaya, vikubwa na vichache.

Baadaye alijaribu kuzifanya seli mama zizalishe chembe sahani ndani ya maabara, kwa sababu chembe sahani za kuchangiwa hazikai zaidi ya siku chache, na mwezi wa Ramadhani wachangiaji hupungua sana. Seli zilizotulia kwenye kisahani cha kioo zilizaa kidogo. Akapitisha maji yenye virutubisho juu yake, zikapasuka. Akapunguza kasi, zikalala. Ilichukua miaka na wanafunzi kadhaa waliolia chooni kabla ya kupata mwendo unaozifaa. Hata leo mavuno ni haba, na ni yeye wa kwanza kuwaambia wageni hivyo.

Maneno “ni kawaida hiyo” yamepigwa marufuku katika maabara yake. Gari lake hunukia bsisa, ule unga wa nafaka za kukaanga, na dawa ya kusafishia vioo. Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja alimuuliza kwa wasiwasi, “Sasa nani atatutazamia?”

“Mtatazama ninyi. Na mkiona kitu msichokielewa, msinipigie simu kabla hamjakitazama mara ya pili.”

“Na tukikitazama mara ya pili tusikielewe?”

Uso wake uling’aa kama wa mtoto aliyepewa makroudh, andazi tamu la tende. “Hapo nipigieni haraka. Nitakuja hata na kandambili.”

Lalla Neziha, asante kwa kila kiti cha pili ulichovuta. Nenda ukapumzike ukiwa na afya, na siku zako zijae mambo usiyoyaelewa bado.