Mbwa Katibiwa, Mke Bado

Kwenye treni ya asubuhi, mfyatua matofali alimlalamikia mkunga aliyeketi jirani, wala hawajuani: mkewe ana mimba ya miezi sita, amepauka, anahema akifagia tu.

"Isije ikawa safura, kaka. Ile minyoo hunyonya damu. Amepimwa?"

"Mbwa wangu aliugua minyoo hiyohiyo. Nikamwita daktari wa mifugo, akapona."

"Nimekuuliza mkeo!"

"Anasema ni uchovu wa mimba."

"Na mbwa alisemaje?"

"Mbwa habishi, dada. Mke wangu humjui wewe."

Mimi niliyeketi mkabala nao nilitazama dirishani nisicheke. Treni iliposimama, mkunga akamvuta shati. "Shuka, tumpigie simu aje kliniki yangu hapa."

"Nitachelewa kazini!" akafoka, keshashuka, simu iko sikioni.